Data ya likizo ugenini: anayekula ni nani?

Najua nimepotea wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa likizoni! Mimi na mke wangu tulipanda basi Mombasa, tukavuka mpaka wa Lunga Lunga, tukapitia Tanga hadi Dar es Salaam, kisha boti mpaka Unguja. Siku sita za urojo na usingizi wa mchana. Habari za Forodhani nawaachia wanaojua kuandika kuhusu chakula. Mimi leo nataka tuongee kuhusu data, kwa sababu kabla hatujafika hata Tanga nilikuwa nimeshaliwa shilingi elfu mbili, na aliyenila namjua vizuri sana.

Ilikuwa hivi. Pale Horohoro, pasipoti zikigongwa mihuri, mama alikuwa ameshaniandikia mara mbili: "Mmevuka?" Nikaona nimtumie picha moja tu. Laini yangu ya Kenya ilikuwa na kredo ya shilingi 2,000, bila bando lolote la nje. Nikawasha data kwenye romingi, yaani laini ya nyumbani kutumia minara ya nchi nyingine. Picha ikaenda, mama akajibu "Mungu awatangulie", nikarudisha simu mfukoni. Sikuizima ile data. Tulipofika Tanga nikataka kumpigia mwenyeji wetu, nikaambiwa salio halitoshi.

Mke wangu aliniangalia akacheka. "Na wewe ndiye mtu wa kompyuta?"

Haya, tuanze na msaada, lawama zitafuata. Kwa mtu anayesafiri njia ni tatu, na nimezijaribu zote.

1. Romingi ya nyumbani. Hii ni rahisi kwa mikono na ghali kwa mfuko, isipokuwa ununue bando la nje KABLA ya kuvuka mpaka. Bila bando unatozwa kwa kila MB, na MB ni kitu kidogo sana siku hizi. Tuseme, kwa mfano tu, MB moja ni shilingi 10. GB moja ina MB 1,024, kwa hiyo ni shilingi 10,240. Picha moja ya simu ya kisasa ni MB 3 au 4. Dakika moja ya video ya 1080p inaweza kufika MB 60 na zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Faida yake ni kwamba nambari yako inabaki hewani, na data yako kwa kawaida hupitishwa kwanza nyumbani kabla ya kutoka kwenye intaneti. Ndiyo maana tovuti zinakuona kama uko Kenya ilhali umekaa Jambiani.

2. Laini ya huko. Kwa safari ya zaidi ya siku tatu katika nchi moja, hili ndilo chaguo langu. Unalipa bei wanayolipa wenyeji. Tanzania usajili wa laini ni wa alama za vidole, na zile zisizosajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo nenda na pasipoti kwenye duka lenyewe la kampuni. Ukipata kijana bandarini anakuuzia laini "iliyo tayari", ujue iko tayari kwa jina la mtu mwingine, na hilo ni kosa kisheria. Pale usiombe "bundles" kama uko Nairobi, omba "kifurushi". Nilihudumiwa kwa dakika 15.

3. eSIM, yaani laini isiyo na kadi. Unainunua mtandaoni kabla ya kuondoka, unaiweka kwenye simu kwa kupiga picha msimbo, ukitua uko hewani. Nzuri sana kwa mtu anayepitia nchi tatu kwa wiki moja. Kujua kama simu yako inaweza, bonyeza *#06#. Ukiona nambari ya EID, kwa kawaida inaweza. Lakini jihadhari na mambo mawili. Nyingi ni za data tu, hazina nambari ya kupigiwa. Na nyingi zenyewe ni romingi kwa ndani, kwa hiyo ni lazima uwashe romingi kwenye ile eSIM ili ifanye kazi. Hapo ndipo watu wengi huwasha romingi kwenye laini isiyofaa na kuliwa kama mimi.

Njia yoyote utakayochagua, USIITOE laini ya nyumbani. Iache kwenye nafasi ya pili, data yake ukiwa umeizima. Benki yako ikituma nambari ya siri kwa SMS, itaituma huko. Nimeona mtu amekwama hotelini, pesa anazo kwenye akaunti, lakini hawezi kulipa kwa sababu kadi ya simu iko kwenye droo Kasarani. WhatsApp nayo ikikuuliza kama unataka kubadilisha nambari, kataa. Itaendelea kutumia ile ya zamani bila shida.

Nchi nazo hazifanani. Ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi moja inatumika katika nyingine bila nyongeza ya romingi, kwa kiasi cha matumizi ya kawaida. Laini ya Ufaransa inakufikisha Ureno. Uswisi haimo, kwa hiyo treni ikikatiza huko mfuko unaweza kutoboka. Umoja wa Falme za Kiarabu, simu za WhatsApp zimezuiwa kwenye laini za huko, na ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai wanalijua hilo kuliko mimi. Hapa kwetu Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mpango wa mtandao mmoja mwishoni mwa 2014, lakini lengo lake kuu lilikuwa bei ya kupiga simu, na Tanzania haikuwemo mwanzoni. Sisi tunaopiga kelele za soko moja la Afrika Mashariki tunapaswa kuona aibu kidogo. Nyanya zinavuka Namanga kila siku, MB zikivuka zinageuka dhahabu.

Hadi hapo ni msaada. Sasa lawama.

Jioni ile Tanga, nikitumia waifai ya mwenyeji wetu, nilifungua ukurasa wa matumizi ya data kwenye simu. Nilitaka kujua nani amekula. Nilishuku YouTube. Nikashuku WhatsApp. Jumla iliyoondoka kwenye romingi ilikuwa MB 141. Picha ya mama ilikuwa chini ya MB 1. MB 118 zilikuwa za programu moja tu.

Programu hiyo niliiandika mimi.

Kazini kwetu tunatengeneza programu ya madereva wa malori. Dereva akishusha mzigo anapiga picha hati ya kupokelea, programu inaituma makao makuu. Simu yangu ilikuwa na picha za majaribio ambazo hazijatumwa. Sehemu inayotuma inaamka kila dakika 15, yaani mara 96 kwa siku, ambao ndio muda mfupi zaidi Android inaoruhusu kwa kazi ya kujirudia. Mtandao ukikatika katikati ya kutuma, inarudia ile picha kutoka mwanzo. Na barabara ya kwenda Tanga, mtandao unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Picha ileile ilitumwa nusu, ikaanza upya, ikatumwa robo, ikaanza upya. Kila nusu na kila robo ililipiwa.

Android inampa mwandishi wa programu sharti la kuchagua: kazi hii ifanyike mtandao wowote ukiwepo, au isubiri mtandao usiolipiwa kwa kipimo, au isifanyike simu ikiwa kwenye romingi. La mwisho linaitwa NOT_ROAMING, na Android inalo tangu toleo la 7, mwaka 2016. Ni neno moja kwenye mstari mmoja. Mimi niliandika CONNECTED, yaani "wowote ukiwepo". Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa naandika nikiwa ofisini Nairobi, waifai ikilipwa na bosi.

Hilo peke yake ningelichekea. Lakini nilikumbuka kitu, na usiku ule sikulala vizuri.

Mwaka uliopita dereva mmoja anayepeleka mizigo Arusha na Kampala alituandikia kwamba programu yetu inamaliza kredo akivuka mpaka. Malalamiko yaliletwa kwangu. Nilimjibu kwa heshima zote, nikamwambia ahakikishe amezima video za WhatsApp kucheza zenyewe. Akanijibu: "Kijana wangu, mimi sitazami video. Mimi naendesha lori." Nikaandika kwamba tatizo liko kwenye simu ya mtumiaji, nikafunga faili. Kazi imeisha, twende kwa ingine.

Ndiyo maana sikubaliani na makala nyingi za ushauri wa data ya safari. Zote zinamwambia msafiri: chagua bando hili, zima kile, pakua ramani mapema. Ni ushauri mzuri, hata mimi nimeutoa hapo juu. Lakini unamfanya mtumiaji awe mlinzi wa usiku wa simu yake mwenyewe, huku sisi tunaoandika programu tumelala. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta na nilipigwa. Mzee wa lori, ambaye hajaambiwa popote kwamba kuna kazi inaamka mara 96 kwa siku ndani ya mfuko wake, angejilinda vipi?

Msimamo wangu ni huu: anayelipia data ndiye aamue. Programu isitume kitu kizito kwenye romingi bila kuuliza, na ikiuliza iseme ni MB ngapi.

Niliporudi nililipeleka jambo hili kwa bosi. Alikuwa na hoja, na si ya kupuuzwa: mteja anataka kuona hati siku hiyo hiyo, la sivyo halipi, na asipolipa dereva naye halipwi. Tukakubaliana hivi. Maandishi ya hati, ambayo ni KB chache, yanaenda wakati wowote. Picha inapunguzwa kutoka MB 3 hadi takriban KB 200, na hati bado inasomeka vizuri. Ikikatika inaendelea pale ilipoishia. Kwenye romingi picha inasubiri, na dereva ana kitufe cha "Tuma sasa" chenye ukubwa wa picha ubavuni. Yote yalinichukua siku tatu. Siku tatu! Malalamiko yalikuwa yamekaa miezi minane.

Lakini msifurahi mapema. NOT_ROAMING haikusaidii ukiwa na laini ya huko, kwa sababu simu inajiona iko nyumbani. Kwa hiyo nawe fanya yako: kabla ya kuvuka, washa kiokoa data (Android kipo tangu hilohilo toleo la 7, na kwenye iPhone kipo tangu iOS 13 ya 2019), zima kupakia picha na apdeti zisizo za waifai, pakua ramani. Ukitumia simu kuipa tarakilishi mtandao, kumbuka tarakilishi inaweza kudhani iko kwenye waifai ya bure. Na ukiwa karibu na mpaka, Vanga au Taveta, angalia jina la mtandao juu ya kioo. Simu inaweza kushika mnara wa ng'ambo ungali Kenya.

Jambo la mwisho. Toleo jipya lilipotoka nilimwandikia yule mzee. Nilimwambia alikuwa na haki, kosa lilikuwa letu, na hasa langu, na sasa limerekebishwa. Alijibu siku iliyofuata:

"Asante kijana. Nimeona. Sasa na zile za mwaka mzima?"

Kampuni haina utaratibu wa kurudisha kredo, nimeuliza. Nilimtumia elfu moja kutoka mfukoni mwangu, akashukuru, lakini sote wawili tunajua si elfu moja aliyopoteza. Na yeye ndiye aliyeandika. Madereva wengine walinyamaza tu, wakanunua kredo nyingine.

Nyinyi mnaoandika programu, fungueni malalamiko mliyoyafunga. Na nyinyi wasomaji wengine, niambieni: mngemjibu nini yule mzee?