Mwanafunzi mkimya asidhaniwe bubu

"Ajitahidi kushiriki darasani." Maneno hayo niliandikiwa kwenye ripoti miaka yote minne ya sekondari, na nakiri kwamba hayakunifaa hata chembe. Kilichonifaa, miaka mingi baadaye, ni Kifaransa.

Nilikuwa mtu wa kupanda matatu nambari 46 mjini, nikatazama dirishani hadi Kawangware bila ya kumjulia hali jirani yangu. Nilipojiandikisha katika Alliance Française, pale Loita Street, nilidhani nitafunzwa kusoma vitabu tu. Kumbe! Siku ya kwanza tuliketishwa wawili wawili tukaamriwa kuulizana: unaitwa nani, unaishi wapi, wapenda chakula gani? Kwa Kiswahili ningaliyaona maswali hayo kuwa udaku. Kwa Kifaransa sikuwa na mengine. Isitoshe, katika lugha niliyoizoea nilipima kila neno hadi mazungumzo yakanipita. Huku nilikuwa na maneno hamsini, na kila mtu alitarajiwa kukosea.

Sikugeuka msemaji. Nilizoea kuuliza, basi. Jioni moja garini nilimwuliza mama aliyepakata mzigo wa sukumawiki kama ametoka Marikiti. Tulipofika Hurlingham alikwisha kunieleza bei ya mboga, karo ya mwanawe na ukorofi wa mwenye nyumba, nami nimetamka sentensi nne.

Sasa tazameni ajabu hii. Katika KCSE, mtahiniwa wa Kifaransa huketi mbele ya mtahini akazungumza, akapewa alama. Kiswahili, lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kina karatasi tatu, zote za kuandika. Mwanafunzi aweza kueleza kwa ufasaha sifa za rejista ya sokoni ilhali hajafungua kinywa darasani tangu kidato cha kwanza! Nasi walimu, kwa kuwa hapana alama, humwachia uwanja mwenye domo.

Mtaala mpya wa umilisi umetaja kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa stadi za Kiswahili. Vyema. Lakini iwapo kuzungumza kutakuwa ni kuinua mkono mbele ya wenzako arobaini, wakimya watabaki walipo. Mimi huwapanga wanafunzi wawili wawili, dakika tano, maswali matatu yaliyoandikwa ubaoni. Muhula uliopita msichana ambaye sikuijua sauti yake alimaliza maswali yote matatu, kisha akamwuliza mwenzake la nne, ambalo sikuwa nimeliandika.