Wapakua Vyoo wa Temeke na Tabaka Tunalolijenga Bila Kulitaja

Katika mitaa mingi ya Temeke na Kinondoni ipo kazi ambayo aghalabu hufanyika usiku. Wanaume wawili au watatu huingia uani wakiwa na ndoo, sululu, koleo na mafuta ya taa. Mafuta humwagwa shimoni ili kupunguza harufu na wadudu, sehemu ya sakafu ya choo huvunjwa, kisha mmoja wao hushuka ndani na kuanza kuchota. Kinyesi huzikwa katika shimo jipya lililochimbwa hapo hapo uani. Kabla hakujapambazuka huwa wameondoka. Mwenye nyumba amewalipa, lakini mara nyingi hayajui majina yao. Mtaani wengine huwaita vyura.

Ndugu msomaji, ningependa tulitafakari jina hilo. Tanzania hujivunia, na kwa haki kabisa, kwamba haikujenga taifa lake juu ya ukoo wala kabila. Tulifundishwa kuwa binadamu wote ni ndugu na kwamba kazi ni kipimo cha utu. Hata hivyo, kuna watu ambao kazi yao imekuwa kipimo cha kuwanyima utu. Mtu anayetuondolea uchafu wetu tunamgeuzia uso tukikutana naye mchana, na wengi wao huwaficha majirani wanachofanya usiku.

Chanzo cha hali hii kimo katika ramani ya mji wenyewe. Wakoloni waliugawa Dar es Salaam kwa rangi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mabomba ya majitaka yalianzia katikati ya mji, ilhali maeneo ya Waafrika yaliachiwa vyoo vya shimo. Baada ya Uhuru mji ulikua kwa kasi kuliko mabomba yake, na hadi leo kaya nyingi za pembezoni hutegemea shimo. Gari la majitaka haliwezi kupita katika vichochoro vya Tandale au Keko, na hata pale linapoweza, gharama yake huwashinda wengi. Katika maeneo ambayo maji ya ardhini yako juu, masika yakifika mashimo hufurika. Baadhi ya wenye nyumba husubiri mvua ili watapishe choo mtaroni, na wengine humwita chura.

Sote tunalipia matokeo yake. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Mtu anayeondoa kinyesi kwa usalama ni mhudumu wa afya ya jamii sawa na muuguzi, ila yeye hana glavu, chanjo wala cheo.

Tazama India ili uone njia hii inaelekea wapi. Huko kazi ya kuchota kinyesi kwa mikono imefungwa kwa karne nyingi katika migongo ya jamii za Dalit, watu walioitwa wasiogusika. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 200 wa jamii hizo. Katiba ya India, ambayo kamati ya kuiandika iliongozwa na B. R. Ambedkar, mwenyewe mzaliwa wa jamii hizo, ilifuta utaratibu wa kutogusika tangu mwaka 1950. Sheria ya kupiga marufuku kazi ya kuchota kinyesi kwa mikono ikatungwa mwaka 1993, na nyingine mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo iliagiza familia za waliofia katika mifereji ya majitaka zilipwe fidia ya rupia milioni moja kila moja. Mwaka 2023 kiwango hicho kikapandishwa hadi milioni tatu. Kupandishwa kwa fidia ni habari njema, lakini kunatuambia pia kwamba watu waliendelea kufa. Sheria ilikataza kazi, lakini haikuimaliza.

Msomaji makini atanipinga kwamba ulinganisho huu si halali. Atasema Mdalit huzaliwa katika tabaka lake, ilhali mpakua vyoo wa Temeke ameichagua kazi yake na anaweza kuiacha kesho. Hoja hiyo ina uzito, na ni kosa kuufuta ukatili wa tabaka la kuzaliwa kwa kuuita umaskini wa kawaida. Hakuna mtoto wa Mbagala anayezaliwa akiwa chura. Lakini tuulize ni uchaguzi wa namna gani mtu anaoufanya akiwa hana elimu, mtaji wala ndugu wa kumwombea kazi. Kwao, kuzaliwa huleta kazi. Kwetu, umaskini huleta kazi, kazi huleta jina, na jina humfuata mtoto shuleni. Tabaka lolote lina siku zake za mwanzo, na sisi bado tuko katika siku hizo. Ndiyo sababu nalisema sasa.

Misingi ya kisheria tunayo. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977, inapoeleza maana ya kubagua, haiishii kwenye kabila, rangi na dini. Inataja pia hali ya maisha ya mtu. Ni maneno machache, na sikumbuki lini mara ya mwisho nimeyasikia yakijadiliwa hadharani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inamkataza mwajiri kubagua. Shida ni kwamba mpakua vyoo hana mwajiri. Ni kibarua wa usiku mmoja. Akizidiwa na gesi shimoni, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi haumtambui, kwa kuwa hakuna aliyemchangia.

Majaribio ya kumtoa shimoni yamewahi kufanyika. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, hapa hapa Dar es Salaam, ulijaribiwa mtambo wa mkono ulioitwa MAPET, uliovuta kinyesi hadi kwenye tangi la lita 200 lililosukumwa kwa mkokoteni. Baadaye ikaja pampu nyepesi ya mkono iitwayo Gulper. Vifaa hivyo vilithibitisha kuwa hakuna ulazima wa binadamu kushuka shimoni. Kilichokosekana ni mamlaka ya kudumu inayoichukulia huduma hii kama wajibu wake, mradi ukiisha au usiishe.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina mambo matatu. Kwanza, halmashauri ziwaorodheshe wapakua vyoo na kuwapa leseni na vitambulisho, ili mchana uwe wao pia. Pili, vikundi vyao vifikiriwe katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa ajili ya pampu na mikokoteni. Tatu, vituo vya kupokea kinyesi vijengwe karibu na mitaa, kwani anayezika uani hufanya hivyo kwa sababu pa kukipeleka ni mbali. Marufuku isiyotanguliwa na hayo itawasukuma gizani zaidi, kama India ilivyoonyesha.

Na kwenu wanafunzi: mnaandika tasnifu nyingi kuhusu matabaka, mkinukuu wataalamu wa mbali. Nendeni Keko. Mkifika, ulizeni kwanza jina la mtu mnayezungumza naye, na mliandike hivyo hivyo alivyolitaja, iwapo ataridhia.