Haksoniti Haihitaji Kutafsiriwa

Malenga mmoja amelifyeka neno "haksoniti" katika shairi langu, akatia mahali pake "kaboni-chuma ya angani". Adai ameniokoa na ugeni. Kwa heshima zote, ameniharibia maana, nami namjibu hadharani kwa kuwa hoja hiyo si yake peke yake.

Haksoniti ni madini adimu ya chuma, nikeli na kaboni, yakaayo ndani ya vimondo vya chuma. Edward Scott aliyaeleza mwaka 1971, na miongoni mwa vimondo vilivyo nayo ni Toluca cha Meksiko na Canyon Diablo cha Arizona. Jina lake ni la mtu: Howard Axon, mtaalamu wa metali wa Manchester. Herufi ya kwanza ya jina lake imeunganishwa na jina la ukoo. Jina la mtu hutafsiriwaje, enyi wapenzi wa lugha?

Tena hiyo "kaboni-chuma ya angani" ni ipi? Koheniti nayo ni kaboni na chuma, nayo imo vimondoni: atomi tatu za metali kwa moja ya kaboni. Katika haksoniti ni 23 kwa 6. Mwaka 2019 yakatangazwa madini mengine, tano kwa mbili, kutoka kimondo cha Wedderburn cha Australia. Yakaitwa edskotiti, kwa heshima ya Scott yuleyule aliyemheshimu Axon. Malenga wetu ameyatia yote matatu katika kapu moja, kisha akaliita kapu hilo Kiswahili sanifu.

Sisemi tukope kila kitu. Wahunzi wametuachia "pua", na washairi wakaipenda "feleji" kwa ajili ya panga zao. Hizo zote ni habari za chuma kilichokutana na kaboni! Mtu aliye na maneno hayo hana haki ya kulia kwamba lugha yake haiwezi kueleza kabidi. Na feleji yenyewe ilitujia kutoka Kiarabu. Nani leo aifukuza ubetini?

(Kuhusu mizani, nakiri kuna ugomvi: k ile ihesabiwe au imezwe? Mimi naihesabu, na haksoniti kwangu ni mizani tano.)

Bidii ya kuunda maneno ielekezwe penye pengo la kweli. Twasema "kimondo" kwa mwale upitao usiku na kuzimika, na twasema "kimondo" kwa pande la chuma lililolala Mbozi, ambalo mtu huligusa kwa mkono. Hapo ndipo msomaji hupotea. Mimi napendekeza mwale ubaki kimondo, na pande liitwe "chuma cha kimondo", au "jiwe la kimondo" likiwa la mawe. Mwenye neno bora alilete. Haksoniti yangu airudishe ubeti wa tatu, mahali ilipokuwa.