Mgonjwa Haulizwi Uji? Lugha na Hadhi ya Mzee Wodini

Wahenga walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Madarasani methali hii hufafanuliwa kwa maana ya upole: anayemuuguza mwenziwe hangoji kuombwa, bali hutambua haja yake akamtimizia. Hata hivyo, katika wodi nyingi za hospitali zetu maana hiyo imepinduliwa. Mgonjwa, hasa akiwa mkongwe, haulizwi uji, haulizwi sindano, wala wakati mwingine haulizwi jina lake. Makala haya yanashikilia kwamba dharau hiyo hujidhihirisha kwanza katika lugha, na kwa hivyo sisi wana wa Kiswahili hatuwezi kuikwepa tukidai kuwa ni jambo la madaktari na wauguzi pekee.

Tuanze na namna mzee anavyoitwa. Kila mwanafunzi wa mofolojia anajua kwamba nomino ya mtu ikitiwa katika ngeli ya KI-VI huweza kudunishwa. Mzee akishaitwa kizee, amepunguzwa kimo hata kabla ya kupimwa shinikizo la damu. Wapo pia wanaosema "nyanya" au "shosho" kwa nia njema. Maneno hayo ni matamu yakitoka kinywani mwa mjukuu. Yakitoka kwa mtu ambaye hakujishughulisha kusoma jina lililo kwenye faili, huwafanya wakongwe wote kuwa kitu kimoja. Mwalimu mstaafu, mfanyabiashara na mkulima aliyesomesha watoto wanane, wote huwa "nyanya wa kitanda cha saba".

Baya zaidi ni kupotea kwa nafsi ya pili. Mhudumu husimama mbele ya mzee mwenye akili timamu, kisha akamgeukia jamaa yake: "Amekula? Amelala vizuri? Anaumwa wapi?" Nilipokuwa nikimuuguza nyanya yangu katika hospitali moja ya umma, maelezo yote kuhusu upasuaji wa nyonga yake nilipewa mimi, tena kwa Kiingereza, ilhali mwenye nyonga amelala baina yetu akitutazama. Daktari alipotoka, nyanya aliniuliza kwa sauti ya chini mguu wake ungekatwa lini.

Vitabu vyetu vya isimujamii husema kuwa sajili ya hospitalini ni lugha ya adabu, ya kuliwaza na ya kutia matumaini. Hivyo ndivyo tulivyokariri tukapasi mitihani. Anayetaka kuona umbali uliopo baina ya kitabu na wodi, na akae saa mbili kwenye benchi la wagonjwa wa nje.

Yamkini mtu atasema haya ni mambo ya adabu tu, na kwamba muhimu ni tiba. La hasha! Lugha hii ina madhara ya kitabibu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kuwa wazee wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu walikuwa wepesi zaidi kukataa kuhudumiwa waliposemeshwa kama watoto wachanga. Isitoshe, kuna kauli fupi isikikayo kila mahali: "Ni uzee tu." Mzee aliyekuwa timamu jana akichanganyikiwa leo ghafla, mara nyingi kuna chanzo kinachotibika: maambukizi, upungufu wa maji mwilini, au dawa zenyewe alizopewa. Nimonia yaweza kumshika mkongwe bila homa kali, na mshtuko wa moyo ukamjia bila maumivu ya kifua. Anayesema "ni uzee tu" amefunga uchunguzi kabla haujaanza.

Tabia hii si ya Kenya peke yake. Daktari Mmarekani Robert Butler aliibunia jina la Kiingereza mwaka 1969, na ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya kila wawili ulimwenguni ana mitazamo ya kuwabagua wazee. Nchini mwetu, sensa ya 2019 ilihesabu watu takriban milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hao ndio ambao Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inawahakikishia haki ya kuishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa. Katiba iyo hiyo, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vifungu hivyo viwili vinapaswa kukutana kando ya kitanda cha mgonjwa.

Sisemi haya kwa kuwabeza wauguzi. Wengi ni waungwana, nao hufanya kazi wakiwa wachache mno. Mgomo wao wa mwaka 2017 ulioendelea kwa takriban miezi mitano haukuzuka bure. Mwenye wagonjwa arubaini usiku kucha hana nafasi ya mazungumzo marefu. Lakini kusema "umelalaje, mama?" badala ya "amelalaje?" hakuhitaji bajeti wala dakika ya ziada.

Tufanyeje basi? Kwanza, vyuo vinavyofunza wauguzi na matabibu viwe na somo la mawasiliano kwa Kiswahili, likiwemo suala la mkalimani kwa mzee ajuaye lugha yake ya kwanza pekee, ili siri zake zisipitie kwa mjukuu wa miaka kumi. Pili, idara zetu ziache kuitafiti sajili ya hospitalini kwa kunakili vitabu. Tuombe idhini, tuingie wodini, tusikilize, kisha tuwarudishie wahudumu matokeo kwa lugha wanayoielewa.

Ewe mwanafunzi mwenzangu, tumezoea kuwahoji wazee tunapotafuta ngano na methali za kujazia tasnifu zetu. Waliotupa methali ya uji wanastahili, wakilazwa, kuulizwa kama uji wenyewe umepoa.