Leseni ya mnyama si kibali cha shamba
Na Naelijwa Mmbaga

Ziwa Jipe lina sheria mbili za uwindaji. Ng'ambo, upande wa Kenya, ufuko unapakana na Hifadhi ya Tsavo Magharibi, na uwindaji wa kitalii umepigwa marufuku tangu 1977. Upande wetu wa Mwanga, na kuteremka hadi Same, mnyama huyohuyo akiwa nje ya Hifadhi ya Taifa Mkomazi anaweza kupigwa risasi kihalali na mwenye leseni. Lakini anakovukia mnyama huyo si nyika tupu: kuna mahindi, kuna malisho, kuna makaburi ya wazee. Tukijadili uwindaji tunahesabu ada na pembe, na mwenye shamba anatajwa mwisho, tena akikumbukwa. Nadai atajwe kwanza: mwindaji amwombe ruhusa kabla ya kuingia shambani mwake.

Wanaopinga wana hoja nzito. Wanyamapori ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na ardhi vilevile. Basi mkulima wa Kigonigoni, huku Mwanga, ana haki gani ya kumzuia aliyelipia leseni ya Serikali? Jibu limo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inayoipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati inayotolewa na Serikali. Asiye na karatasi, ambaye ukoo na kijiji vinamtambua, halindwi kwa kiwango cha chini kuliko mwenye shamba la mkonge lenye hati kando ya barabara ya Tanga. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 ilielekeza kwamba ardhi ya kijiji isiingizwe ndani ya mapori tengefu. Serikali inapouza leseni inauza haki yake juu ya mnyama. Haki ya mkulima juu ya ardhi yake haimo katika mauzo hayo, kwa kuwa si ya Serikali kuiuza.

Wengine husema kuomba ruhusa ni kuchelewesha, na mnyama hangoji. Hapo ndipo maadili ya uwindaji yanapopimwa. Nyati aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani, na kichaka hicho mara nyingi kiko nyuma ya nyumba ya mtu. Mwindaji asiyebisha hodi asubuhi hana wa kumwonya jioni, na mtoto anayepeleka mbuzi mtoni hajui kinachomsubiri. Ruhusa hii ni zaidi ya heshima: ndiyo inayowajulisha majirani kwamba leo kuna bunduki na huenda kesho kukawa na mnyama mwenye hasira. Mwenyeji husahaulika hata mjadala unapokuwa mkubwa: ule wa tembo wenye pembe kubwa waliouawa Enduimet, Longido, kuanzia 2023, karibu na mpaka wa Kenya, ulijaa sauti za wawindaji na wanasayansi. Wakazi wanaoishi na tembo hao hawakusikika vya kutosha.

Wajibu huu haumhusu mgeni peke yake, na hapa sitamwonea haya mtu wa kwetu. Anayetega waya usiku kwenye mpaka wa shamba la jirani ili apate kitoweo anavunja sheria ya wanyamapori na haki ya jirani kwa mkupuo mmoja. Waya ule haumchagui swala, unamnasa hata ndama. Wapare tulikuwa na mpungi na mishitu, misitu ya koo ambayo hakuna aliyeingia bila idhini ya wenyewe. Kuomba ruhusa hatukufundishwa na wazungu.

Nakubali kwamba mkulima naye hana nguvu zisizo na mipaka. Hawezi kumwua tembo kwa kuwa tu amekanyaga shamba lake, na kifuta jasho anacholipwa kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama chini ya kanuni za 2011, chenye ukomo wa ekari tano, hakilingani na msimu uliopotea. Lakini huyo anayebeba hasara ya mnyama akiwa hai hastahili kurukwa siku mnyama huyo anapowindwa.

Nawaomba wenyeviti wa vijiji vya Jipe, Kwakoa na Toloha: mwindaji akija na leseni, mpelekeni kwanza kwa mwenye shamba. Akikataa kwenda, msimpe wa kumwonyesha njia.