Kuelea Kwanza: Somo la Kuogelea kwa Wanaoanza katika Vyuo vya Ualimu

Somo la elimu ya viungo katika vyuo vyetu limezoeleka kuwa ni somo la uwanjani. Mwanachuo hufunzwa kupanga timu za kandanda na mpira wa pete, kupima mbio na kuongoza mazoezi ya kunyoosha viungo, kisha hupelekwa kufundisha. Hatuna ugomvi na uwanja. Lakini tukiitazama Unguja, kisiwa ambacho vijiji vyake vingi vimejengwa ukingoni mwa bahari, tunaona kuwa liko somo moja lililoachwa lijifundishe lenyewe, nalo ni kuogelea. Maoni yetu ni kwamba kila mwalimu anayeandaliwa kufundisha visiwani hana budi kupitia darasa la kuogelea la wanaoanza, na kwamba darasa hilo lianze kwa kuelea, si kwa kushindana mbio.

Haja ya somo hili haihitaji maelezo marefu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiwango chake, ilizama upande wa Nungwi. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam, nayo ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Ni haki kusema kwamba ujuzi wa kuogelea hauwezi kushika nafasi ya meli salama, maboya ya kutosha na idadi ya abiria inayozingatiwa. Hayo ni wajibu wa wenye mamlaka. Hata hivyo, mtu anayeweza kujiweka juu ya maji ana muda wa kungoja msaada, na asiyeweza hana muda huo.

Wako wanaodai kwamba mtoto wa pwani hana haja ya kufundishwa maji. Dai hili lina ukweli nusu. Wavulana wengi wa Nungwi huyazoea maji kwa kucheza pembezoni mwa mashua na ngalawa. Wasichana hawapati nafasi hiyo. Wao na mama zao huiingia bahari maji yakipwa, kuokota chaza, kusaka pweza na kushughulikia mwani, na aghalabu huishia pale maji yanapofika magotini. Kilimo cha mwani kilipoenea Unguja tangu mwisho wa miaka ya 1980, wengi wa walioshika kazi hiyo walikuwa wanawake. Siku hizi maji ya kina kifupi yamezidi joto, mwani bora haustawi humo kama zamani, na mkulima hulazimika kuufuata kwenye kina kirefu. Asiyejua kuogelea hubaki nyuma. Kwa hiyo jambo hili ni la uhai, na pia ni la riziki.

Nungwi yenyewe imekwisha kutuonyesha kwamba kazi hii inawezekana. Tangu mwaka 2011 mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wanawake na wasichana wa huko kuogelea na kujiokoa. Wafunzwa huvaa mavazi yanayositiri mwili mzima, hufundishwa na wanawake wenzao, na baadhi ya waliohitimu huwa walimu wa wengine. Picha za somo hilo, zilizopigwa mwaka 2016 na Mmarekani Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Dunia ilizisifu picha. Sisi walimu tunapaswa kuitazama mbinu.

Wahenga walisema, mfa maji haishi kutapatapa. Methali hii hutumiwa kwa mambo mengi, lakini mwalimu wa kuogelea aichukue kama ilivyo. Kutapatapa humchosha mtu, humwinua kichwa na kuzamisha miguu, na humfanya avute maji badala ya hewa. Mwili wenye mapafu yaliyojaa hewa huelea, hasa katika maji ya chumvi, iwapo mwenyewe atatulia. Basi jambo la kwanza la kufundishwa ni utulivu: kuingiza uso majini na kutoa pumzi polepole, kisha kulala chali huku mwenzake akimshika kisogo, kisha kuachwa kidogo kidogo. Ni baada ya hapo tu ndipo mikono na miguu ifundishwe kumwendesha mtu.

Katika vyuo vingi vya Marekani mwanachuo ambaye hajapata kushika raketi huweza kujiandikisha katika darasa la wanaoanza la raketiboli, mchezo wa kupiga mpira ukutani uliobuniwa na Joe Sobek mwaka 1950 huko Greenwich, Connecticut. Hatupendekezi kuta hizo zijengwe Nungwi. Tunachokipenda ni ile heshima anayopewa anayeanza: chuo hakimwonei haya mtu mzima asiyejua, bali humpangia hatua zake. Mwanachuo wetu asiyejua kuogelea naye apewe heshima hiyo hiyo. Yamkini atakuwa mwalimu bora kuliko aliyezaliwa hodari, kwa kuwa hofu ya maji anaijua kwa jina lake.

Kuhusu upimaji, tusichukue saa ya kupimia mbio. Mpango wa SwimSafe, ulioanzia Bangladesh, umemwekea mtoto kipimo kinachoeleweka: kuogelea mita 25, kuelea kwa sekunde 30, na kujua kumwokoa mwenzake bila ya kumfuata majini. Kipimo hiki cha tatu tunakisisitiza, maana mara nyingi mwokozi asiyefunzwa huzama pamoja na anayeokolewa. Mtoto afundishwe kurusha kamba, kunyoosha upondo au kutupa dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Vikwazo tunavijua. Shule haina bwawa. Lakini bahari ya Nungwi haipwi ikaenda mbali kama ya Paje au Jambiani, na mwalimu anayefuata majira ya kujaa na kupwa atapata maji ya kiuno yaliyotulia. Darasa lina watoto wengi. Basi waingie kwa makundi madogo, wawili wawili, wakihesabiwa kuingia na kutoka, nyuma ya kamba iliyofungiwa madumu, pasiwepo anayepita kina cha kiuno cha aliye mfupi kuliko wote. Siku ya upepo mkali au mkondo, somo lifanyike ufukweni. Wazazi wana wasiwasi juu ya stara. Basi sheha na wazee waitwe mapema, waonyeshwe mavazi, na walimu wa kike wawafundishe wasichana.

Kikwazo kikubwa ni mwalimu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani limependekeza watoto wa shule wafundishwe misingi ya kuogelea na usalama wa majini. Lakini nani atawafundisha, iwapo mwalimu naye huishia magotini? Chuo cha Nkrumah cha Beit-el-Ras, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kipo kando ya bahari. Mahali tunapo, na maji tunayo. Kilichosalia ni kulipa somo hili nafasi katika ratiba, mkufunzi aliyehitimu, na alama zinazohesabiwa.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Visiwa vyetu vimekwisha kuyavulia maji nguo kwa uvuvi, kwa safari na kwa mwani. Ni juu ya vyuo vya ualimu kuhakikisha kwamba anayeingia majini ameandaliwa, msichana sawasawa na mvulana.