Daraja la Pili si Aibu

Mpwa wangu anakaa Köln, Ujerumani, mwaka wa saba huu. Nilipokwenda kumzuru alinikatia tikiti ya gari la moshi kutoka Frankfurt (magari yale hayana moshi, lakini jina tumekwisha lizoea), tena ya daraja la kwanza. Nikamwuliza, "Kwani za pili zimekwisha?" Akanijibu, "La, Mjomba. Wewe si mtu wa kukaa daraja la pili."

Nikakaa. Viti vipana, upande huu kimoja na upande huu viwili, ilhali daraja la pili huwa viwili kwa viwili. Miguu nikainyoosha. Mtumishi akaja kuniuliza nitakunywa nini, na chai yenyewe ni ya kulipia. Baada ya saa moja na kitu tukafika Köln, na wale wa daraja la pili wakashuka pamoja nasi dakika ile ile.

Waama, ugomvi wangu si na kiti, ni na neno. Sisi watu wa Pwani neno hili "daraja" tulilirithi pamoja na gari la Mombasa na Nairobi. Zama za Mwingereza, la kwanza aghalabu lilikuwa la Mzungu, la pili la Mhindi, na babu zetu wakabanana la tatu na makapu yao. Kwa hivyo mtu wetu akisikia "la pili" huona ametukanwa. Ulaya yenyewe mambo hayo imekwisha yageuza. Mwezi wa Juni 1956 reli nyingi za huko ziliondoa daraja la tatu. Waingereza walilolifanya ni kulibandika la tatu jina la pili, basi. Huko Paris, magari ya chini ya ardhi yalikuwa na daraja la kwanza hadi 1991, nalo likafutwa. Leo katika daraja la pili utamkuta mwalimu, daktari na mzee na tai yake, na hapana amwonaye mwenzake duni.

Sisemi la kwanza halina kazi. Mwenye maradhi ya mgongo, au bibi mwenye umri mkubwa, hiyo ni haki yake. Na Ijumaa jioni, watu wanaporudi makwao, daraja la pili la Ujerumani hujaa hata wengine wakasimama ujiani, maana tikiti peke yake haikupi kiti. Kiti huwekeshwa, kwa pesa kidogo mbali. Wekesha. Tena ukinunua mapema huenda ukaikuta ya kwanza ni rahisi kuliko ya pili iliyonunuliwa siku ya safari. Hapo ichukue, usijitie ucha Mungu. Wala usidhani la pili utapata mazungumzo. Huko nako kila mtu na simu yake.

Lililoniuma nililijua baadaye. Kijana huyu huosha vyombo hotelini, na kila mwezi humletea mamake, dada yangu aliyeko Lamu, fedha za matumizi. Mwezi ule zilichelewa wiki mbili. Dada hakusema neno, alikopa dukani.

Wakati wa kurudi nilikwenda mwenyewe dirishani, nikakata ya pili na kiti nikawekesha. Kijana alinisindikiza hadi mlangoni mwa behewa ameinamisha kichwa, kana kwamba stesheni nzima inamtazama. Hapakuwa na aliyemtazama.